BAKULI SI NYUMBA YA SAMAKI

Nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo linaniwasha moyoni, na nisipolisema sasa nitakuja kulisema wakati maji yamekwisha kumwagika. Na kama mjuavyo, yakimwagika hayazoleki.

Muhula ujao, kama mambo yataenda yanavyosemwa, maktaba yetu itapata wageni. Wageni hawa hawana miguu, hawapigi kelele, na hawatamsumbua mkutubi kwa kurudisha vitabu baada ya siku zao. Ni samaki wa dhahabu. Mchango umeanza kukusanywa, na wengi wetu tumefurahi. Lakini mpango unaozunguka mabwenini ni huu: kununua bakuli moja la kioo, samaki watatu, chakula cha pakiti, kisha kuliweka bakuli mezani karibu na magazeti. Basi, mchezo umekwisha!

Mimi napinga. Wala sipingi samaki, tena ninawapenda. Ninachopinga ni lile bakuli, na ninapinga ile haraka ya kununua bakuli na samaki siku moja, kwa safari moja ya mjini. Rai yangu ni kwamba tujenge nyumba kwanza, nyumba hiyo iive, ndipo mgeni aitwe. Na ikiwa hatuwezi kujenga nyumba, basi tusimwite mgeni. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya majahazi, lakini hata samaki anayeelea kwa raha nyuma ya kioo, ujue kuna mtu aliyeunda.

Hebu kwanza tumjue mgeni mwenyewe ni nani. Samaki wa dhahabu ni samaki wa maji baridi yasiyo na chumvi. Wataalamu humwita Carassius auratus. Yumo katika ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Viktoria na kambare-mamba hayumo, msije mkachanganya. Asili yake ni Uchina, ambako watu walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mababu zake hawakuwa na rangi ya dhahabu hata kidogo. Walikuwa wa kijivu na wa kijani kilichofifia, na mara moja moja alizaliwa mmoja mwenye rangi ya manjano au nyekundu. Wachina waliwatenga hao wenye rangi wakawazalisha, na kufikia enzi ya watawala wa Song, yaani kati ya mwaka 960 na 1279, samaki hawa walikuwa pambo la mabwawa ya wakubwa. Angalia neno hilo: mabwawa. Kuingizwa ndani ya nyumba kulikuja baadaye sana.

Pili, tujue atakuwa mkubwa kiasi gani. Yule mdogo unayemwona dukani, urefu wa kidole, ni mtoto. Samaki wa dhahabu wa kawaida mwenye mkia mmoja akipata malezi mema hufika sentimita 20 hadi 30. Huo ni urefu wa rula yako ya Hisabati! Wale wa mapambo, wenye kiwiliwili cha mviringo na mikia miwili, ni wafupi zaidi, lakini nao hufika sentimita 15 na hata kupita. Sasa chukua rula hiyo uitumbukize katika bakuli la kioo uone kama itageuka.

Utasikia mtu akisema, "Ah, usijali, samaki hukua kulingana na bakuli lake." Jamani! Hata mtoto wa binadamu akinyimwa chakula hudumaa, lakini hakuna anayesema kwamba amekua kulingana na sahani yake. Samaki wa bakuli hudumaa kwa sababu maji ni machafu na mahali ni padogo, na kwa kawaida hufa kabla hajafika hata robo ya umri wake.

Na umri wake ni upi? Hapa ndipo wengi hushangaa. Samaki wa dhahabu aliyetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, na wapo wanaopita 20. Huko Uingereza palikuwa na mmoja aliyeitwa Tish. Mtoto mmoja alimshinda katika michezo ya maonyesho mwaka 1956, na samaki huyo akaishi hadi mwaka 1999, yaani miaka 43. Kwa hiyo samaki tutakaowaleta muhula ujao wanapaswa kutusindikiza sote tukimaliza shule, wawapokee wadogo zetu, na pengine wawasindikize nao pia. Huu ni mgeni wa kukaa, si wa chai.

Sasa turudi kwenye bakuli. Kwa nini ninalishutumu hivi? Sababu ni mbili, nazo ni sumu na hewa.

Tuanze na sumu. Samaki hana choo cha shimo. Anakula, anapumua na anajisaidia ndani ya maji yale yale. Uchafu wake mkubwa ni amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hutoka kupitia matamvua yake kila dakika anayopumua, hata kama hujamlisha siku hiyo. Amonia ni sumu. Huyachoma matamvua yale yale, samaki akashindwa kupumua. Katika mto au bwawa kubwa maji ni mengi, na kuna bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga ambao hula amonia. Aina moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kwani huingia katika damu ikazuia chembechembe nyekundu kubeba oksijeni. Aina nyingine huichukua naitraiti na kuigeuza kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo mimea huipenda kama mbolea. Ndiyo ule mzunguko wa naitrojeni tunaouchora ubaoni kwa mishale. Kumbe haukuwa wa mtihani tu!

Katika bakuli jipya lililooshwa likang'aa, bakteria hao hawapo. Wanahitaji majuma manne hadi sita ili waongezeke wa kutosha. Ukitia samaki siku ya kwanza, amonia inapanda na hakuna wa kuila. Siku ya tatu au ya nne utamwona samaki amepanda juu anatweta, au amelala chini mapezi yamembana. Watu watasema, "Alikuwa mgonjwa tangu dukani." Wapi! Amelishwa sumu yake mwenyewe. Halafu mtu mwenye huruma atayamwaga maji yote, aoshe bakuli kwa sabuni, ajaze maji ya mfereji yenye klorini, na kummalizia kabisa yule maskini.

Sababu ya pili ni hewa. Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, pale maji yanapokutana na hewa. Kwa hiyo upana wa uso ni jambo la uhai na kifo. Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Bakuli la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 25, likijazwa, huchukua kama lita 8 za maji. Ukilijaza hadi karibu na shingo yenye kipenyo cha sentimita 12, uso wa maji ni kama sentimita mraba 113 tu. Sasa chukua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kina cha maji cha 36. Hilo lina takriban lita 130, na uso wake ni sentimita mraba 3,600. Maji ni mara 16 ya yale ya bakuli, na mlango wa hewa ni zaidi ya mara 30. Bado mnataka bakuli?

Tena joto huongeza taabu. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa kila lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi. Sisi tunaoishi nyanda za juu tuna bahati, maji yetu yanamfaa bila kuwashiwa chochote. Wenzetu wa Mombasa na Kisumu wanahitaji uangalifu zaidi, kivuli, na hewa nyingi ya kupuliziwa majini.

Basi nyumba inayofaa ni ipi? Msije mkasema nimebomoa bila kujenga. Haya ndiyo ninayopendekeza, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wa shule yetu.

Kwanza ni tangi lenyewe. Fundi wa vioo yeyote mwenye uzoefu anaweza kuliunganisha kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Likikauka, lijazwe maji liachwe siku kadhaa tuone kama linavuja. Lisioshwe kwa sabuni, maji matupu yanatosha. Kama kioo kitatushinda, hata beseni kubwa la plastiki la lita 100 na zaidi, ambalo halijawahi kubeba kemikali, ni bora mara kumi kuliko bakuli la kioo. Samaki hajui kama nyumba yake inapendeza. Anachojua ni kama anapumua.

Pili, mahali pa kuliweka. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 130 ni kilo 130, na ukiongeza kioo na changarawe umepita mifuko mitatu ya saruji. Ile meza ya magazeti ambayo mguu mmoja umefungwa kwa waya haiwezi! Tunahitaji jukwaa la matofali au meza nzito ya karakana. Na lisiwekwe dirishani penye jua kali, maana maji yatapata joto na kugeuka kijani kwa mwani. Juu yake tuweke wavu, kwa kuwa samaki huruka.

Tatu, chujio. Lile la sponji linaloendeshwa kwa pampu ndogo ya hewa si ghali na linafanya kazi mbili. Huingiza hewa, na sponji yake huwa ndiyo nyumba ya wale bakteria niliowataja. Kwa hiyo sponji isisuguliwe kwa maji ya mfereji, kwani klorini itawaua wafanyakazi wetu wote. Isukutuliwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi. Stima ikipotea, na sote tunajua hupotea, wa zamu achote maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu kila baada ya muda ili hewa iingie.

Nne, maji. Maji ya mfereji yana klorini, ambayo ni nzuri kwa matumbo yetu lakini huunguza matamvua ya samaki. Maji yaliyowekwa katika ndoo wazi kwa siku nzima au zaidi hupoteza klorini polepole. Njia ya haraka zaidi imo katika maabara yetu: sodiamu thaiosalfeti, ile ile tunayotumia katika jaribio la kutazama alama ya msalaba ikipotea chini ya chupa. Ndiyo kiungo kikuu cha dawa nyingi za kuondoa klorini zinazouzwa katika maduka ya samaki. Kiasi chake kipimwe na mwalimu wa Kemia, wala kisikisiwe na mtu aliyelala wakati wa somo.

Tano, na hapa ndipo moyo wa rai yangu ulipo, ni kusubiri. Tangi likiwa limejaa na chujio linaunguruma, tusitie samaki. Kila siku tutie chembe chache za chakula cha samaki. Kitaoza, kitatoa amonia, na bakteria watakuja wenyewe. Vifaa vya kupima amonia na naitraiti vinauzwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo. Vipimo vyote viwili vikipanda, vikashuka, na kubaki sufuri ilhali bado tunatia chakula, nyumba imeiva. Itachukua kama majuma sita. Mtu akitupa kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, muda utapungua.

Najua wengi hawatapenda jambo hili. Majuma sita ya kutazama maji matupu! Watu watapita wakiuliza, "Samaki wenu hawaonekani, au ni wale wa kiroho?" Waache wacheke. Mkulima naye hukaa akitazama udongo mtupu, na hakuna anayemcheka wakati wa mavuno. Tena majuma hayo sita ni somo la Biolojia na Kemia lililo hai. Tuchore grafu ya amonia ikipanda na kushuka, tuibandike ukutani maktabani. Nani amewahi kuuona mzunguko wa naitrojeni kwa macho yake?

Sita, samaki wenyewe. Kwa tangi la lita 130, wawili wenye mikia miwili wanatosha. Nasema wawili, wala si watatu, wala si "tuongeze mmoja wa bonasi." Wale wa mkia mmoja ni waogeleaji wa mbio na makao yao ni bwawa. Tusiwachanganye na wa mikia miwili ambao ni wazito, maana watawapokonya chakula. Siku ya kuwaleta, mfuko uelee tangini dakika 15 au 20 ili joto lilingane, maji ya tangini yaongezwe mfukoni kidogo kidogo, kisha samaki waingizwe kwa wavu na maji ya dukani yamwagwe nje.

Saba, chakula. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Chakula hupita moja kwa moja hadi kwenye utumbo, na ndiyo maana kila akikuona anajifanya hajala tangu juzi. Usidanganyike! Apewe kidogo anachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mara moja moja apewe minji iliyochemshwa na kumenywa, au jani laini la mchicha. Mkate na ugali wa daining'i hapana. Shuleni penye wanafunzi mia kadhaa, adui mkubwa wa samaki ni huruma yetu: kila mmoja akitupia chembe moja, jioni samaki anaogelea ndani ya uji.

Sasa nijibu wapinzani wangu, maana najua wapo na wamenoa ndimi.

Wa kwanza atasema, "Wewe unataka kutumia maji wakati sisi tunapanga foleni kwa mtungi!" Hoja hii ni nzito na sitaipuuza. Kila juma inafaa kubadilisha robo ya maji, yaani kama lita 32, mtungi mmoja wa lita 20 na zaidi kidogo ya nusu ya mwingine. Lakini maji yanayotoka tangini hayapotei. Yamejaa naitreti, na sukuma wiki wa shamba la shule watayashukuru kuliko yale ya mfereji. Shamba linanyweshwa hata sasa, kwa hiyo maji hayo yatapitia kwa samaki kwanza halafu yaendelee na safari yake. Na wakati wa ukame, ikiwa hata ya kupikia ni shida, basi mradi huu usianzishwe. Sitamtanguliza samaki mbele ya mwanafunzi mwenye kiu.

Wa pili atasema, "Fedha hazitoshi." Haya, kama hazitoshi tusubiri zitoshe. Bakuli la bei rahisi ndilo ghali, kwa sababu utanunua samaki kila mwezi ukiwazika nyuma ya bweni. Ukihesabu mwaka mzima utakuta ungejenga tangi.

Wa tatu, naye ndiye msemaji sana, atasema, "Samaki ni samaki tu, bwana. Si tunamla?" Ndiyo, tunamla, na mimi nikimpata tilapia aliyekaangwa vizuri simsazi hata kichwa. Lakini anayemvua samaki kwa ajili ya kitoweo humwua mara moja. Bakuli humwua kwa majuma, huku sisi tumesimama mbele yake tukisema "anapendeza." Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wenye manyoya peke yao. Isitoshe, ule uvumi kwamba samaki wa dhahabu husahau kila kitu baada ya sekunde tatu ni uongo mtupu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israeli walieleza jinsi walivyoweka tangi juu ya kigari kinachokwenda upande ule samaki anakoogelea. Samaki sita wa dhahabu walijifunza kukiendesha hadi penye alama ili wapewe chakula. Samaki anaendesha gari! Na wewe uliyesahau fomyula ya jana unasema yeye hana akili?

Lipo jambo jingine ambalo sijasikia mtu akilitaja katika mpango huu, nalo ni likizo. Sisi tutafunga shule tuende nyumbani Aprili, Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Nani atabaki na samaki? Samaki mzima anaweza kukaa juma moja bila chakula asidhurike, lakini hawezi kukaa mwezi bila mtu kuangalia chujio na maji. Kama hatujapata mfanyakazi au mwalimu anayeishi hapa shuleni ambaye ameombwa na kukubali kwa hiari yake, na ambaye amefundishwa, basi mpango huu una mwanzo na hauna mwisho. Kumwachia mlinzi pakiti ya chakula siku ya kufunga, na lori limekwisha kunguruma, hakuwezi kuitwa mpango.

Na msije mkafikiri kwamba tukichoka tutawapeleka mtoni wakajitafutie. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mwaka 2021 mji wa Burnsville katika jimbo la Minnesota, Marekani, ulilazimika kuwaomba watu waache kutupa samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kukuta humo wakubwa mno. Hufukua chini, hutibua maji na kung'oa mimea ambayo samaki wenyeji huitegemea. Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta funzo. Mbuta aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Aina nyingi za wale samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu zikatoweka. Gugumaji nalo lina asili ya Amerika ya Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake zuri. Waulize wavuvi wa Kisumu kama leo wanalitazama kama pambo. Kitu kizuri kikiwekwa mahali pasipo pake hugeuka balaa.

Kwa hivyo, ndugu zangu, naomba kamati inayokusanya mchango ifanye haya kabla haijapanda matatu kwenda mjini. Bakuli lifutwe katika orodha na tangi au beseni kubwa liandikwe mahali pake. Tangi lijazwe juma la kwanza la muhula, na samaki wasinunuliwe mpaka vipimo viwe sufuri. Zamu ya kulisha iandikwe kwa majina, wawili wawili, na asiye wa zamu asitie hata chembe. Mtu wa likizo apatikane na akubali mapema. Na ikiwa hata moja kati ya haya halitawezekana, mchango urudishwe au ununue vitabu vya hadithi, ambavyo maktaba yetu inavihitaji na ambavyo havipumui.

Mtu anaweza kuona kwamba nimefanya jambo dogo kuwa kubwa. Lakini tutakuja kukabidhiwa mambo makubwa kuliko tangi: watoto, wagonjwa, mashamba, na pengine hata nchi. Sioni tutakavyoyaweza hayo ikiwa viumbe wawili wa urefu wa kidole watatushinda kwa sababu tu hatukutaka kungoja majuma sita.

Mwenye rai tofauti na aandike, kurasa za jarida hili ni zetu sote. Mimi nimetua kalamu.